Maswali Yenu: Klasta ya Nodi Mbili, Moja Imezima na Foleni Zimegoma

SWALI: Mkuu habari za kazi. Sisi tunatumia RabbitMQ ya kuhostiwa (programu inayopokea meseji kati ya programu zetu na kuzipanga kwenye foleni), tumelipia klasta ya nodi mbili, yaani seva mbili zinazofanya kazi pamoja, tukaambiwa haizimiki. Juzi nodi ya kwanza ikaanguka na kila kitu kikasimama, ya pili iko hewani kabisa, foleni naziona na majina yake, ila programu ikizigusa tu inarudishiwa kosa la 404, yaani haipatikani. Nodi iliporudi meseji zikawepo zote kama hakuna kilichotokea. Sasa klasta kazi yake nini? Nikiongeza nodi ya tatu itasaidia?

JIBU: Pole ndugu. Hapo hakuna kilichoharibika, klasta imefanya kazi yake, shida ni tofauti kati ya ulichouziwa na ulichodhani umenunua. Nodi za RabbitMQ zinashirikiana taarifa, yaani watumiaji, ruhusa, majina ya foleni na kadhalika, lakini meseji za foleni ya kawaida zinakaa kwenye diski ya nodi moja tu. Nodi hiyo ikianguka nyingine inalijua jina la foleni lakini ndani haina kitu cha kukupa, ndo hilo 404 lako, na soma maandishi yanayofuata baada ya namba, mara nyingi yanakutajia kabisa kwamba nodi mwenyeji haipatikani.

Unachotaka wewe ni foleni za kworamu (quorum, yaani zinazoamua kwa wingi wa nodi), zipo toka toleo la 3.8 la mwaka 2019. Hizi zinaweka nakala kwenye nodi kadhaa kwa kanuni ya Raft: mmoja kiongozi, wengine wanamfuata, na meseji inahesabika imepokelewa pale nodi zaidi ya nusu zimeshaiandika. Kiongozi akifa waliobaki wanapiga kura, kazi inaendelea. Sasa piga hesabu, zaidi ya nusu ya mbili ni mbili, kwa hiyo kwenye nodi mbili ikidondoka moja umekwama vilevile. Tatu zinavumilia kuanguka kwa moja, tano zinavumilia mbili, nne ni hasara maana nazo zinavumilia moja tu. Kwa hiyo ndiyo, ongeza ya tatu, na isiwe kimashine dhaifu cha kujazia idadi kwa sababu nayo itabeba meseji kama wenzake.

Ila kuongeza nodi peke yake hakubadilishi chochote! Foleni ya zamani haigeuki kuwa ya kworamu, inabidi utangaze mpya yenye kigezo cha x-queue-type kilichowekwa quorum halafu uhamishe meseji. Na ukikutana na maelezo ya zamani yanayokwambia uweke ha-mode (njia ya zamani ya kunakili foleni kwenye nodi nyingine) achana nayo, foleni za aina hiyo zimeondolewa kabisa kwenye toleo la 4.0 la 2024.

Wanaokuhosti waulize swali moja tu, hizo nodi tatu ziko kwenye mashine tofauti na umeme tofauti? Maana nodi tatu juu ya mashine moja mimi naiita nodi moja yenye bei ya tatu. Lakini pia usizitawanye mabara tofauti, klasta inataka mtandao wa karibu na wa uhakika, kwa masafa marefu tumia Shovel au Federation, viendelezi vya RabbitMQ vya kupitisha meseji kati ya klasta. Na siku ya matengenezo, kabla hawajazima nodi yoyote waendeshe amri ya rabbitmq-queues check_if_node_is_quorum_critical, inayoangalia kama kuzima nodi hiyo kutazinyima foleni wingi wake, ikilalamika wasubiri.

SWALI: Tumeshahamia kworamu, kiongozi akibadilika baadhi ya meseji zinashughulikiwa mara mbili. Ni hitilafu?

JIBU: Hapana, ndivyo ilivyo. Mpokeaji akikatika kabla hajathibitisha, meseji inarudi foleni na kutolewa tena. Weka namba ya kipekee kwenye kila meseji, programu yako iikague kama imeshashughulikiwa kabla ya kufanya chochote. Na upande wa kutuma washa uthibitisho wa seva (publisher confirms, seva inakujulisha kwamba imeipokea meseji), bila huo unatuma gizani hata ungekuwa na nodi tano.