Nyuma ya utaji wa St. Louis

Umeuliza kama dansa za kuwatambulisha mabinti wa matajiri ni gauni na picha tu. Hapana. Tazama St. Louis, Marekani. Mwaka 1878, mwaka mmoja tu baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi kuusimamisha mji, wakubwa wa biashara waliunda chama cha siri, Veiled Prophet, yaani Nabii wa Utaji. Kila mwaka, kwenye dansa yao, mmoja wao alifunikwa uso, akaketi kama mfalme, na mabinti wa wenzake wakapita mbele yake kumwinamia. Binti alitolewa kama mwali, lakini waliokuwa wakishikana mikono hasa ni baba zao, wenye kampuni na ajira za mji. Mtu mweusi hakukubaliwa uanachama hadi 1979.

Mwaka 1972 mwanaharakati Gena Scott aliteremka kwa waya kutoka roshani, akamvua Nabii utaji. Kumbe ni Tom K. Smith, kigogo wa Monsanto, kampuni kubwa ya kemikali! Na hili ndilo linaloniuma zaidi: mtu amevuliwa utaji mbele ya ukumbi mzima, lakini magazeti makubwa ya mji hayakuandika jina lake.