Maswali ya Wasomaji: Kampala na watoto, tuone nini?

Hujambo Mwalimu? Likizo ya Agosti tunataka kuwapeleka watoto wetu watatu (miaka 6, 10 na 14) pamoja na mama mkwe wakaone makanisa na misikiti ya Kampala. Mume wangu ameorodhesha sehemu nane kwa siku mbili. Nahofia watoto watachoka, na magoti ya mama hayapandi ngazi. Halafu sisi ni Wakatoliki. Msikitini tutaruhusiwa kweli?
– Mama Achieng', Kondele, Kisumu

Mama Achieng', mwombe baba watoto apunguze orodha. Sehemu tatu zinatosha, na Namugongo, penye basilika ya Mashahidi wa Uganda, ipewe nusu siku nzima. Agosti mmechagua vizuri, kwa sababu tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi hao, mahujaji hujaa hadi jengo lenyewe hulioni.

Basilika ya Mashahidi wa Uganda ilisanifiwa na Mswisi, Justus Dahinden, ikawekwa wakfu mwaka 1975. Ukiiona kwa mbali ni msonge mkubwa kabisa. Imezungukwa na nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Watoto usiwaambie idadi, waache wazunguke wahesabu wenyewe. Mdogo aweke kiganja kwenye nguzo moja, kisha aifuate kwa macho inavyopanda ikiinamia ndani mpaka kwenye paa. Akishafanya hivyo, mweleze kwamba nguzo hiyo ni mtu. Nilifundisha sanaa miaka mingi huku Magharibi mwa Kenya na sijapata somo linalomwingia mtoto haraka kama hilo. Hapo ndipo Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao, alipochomwa moto mwaka 1886, enzi za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mama mkwe naye apewe nafasi ya kusimulia: Papa Paulo VI, aliyewatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu mwaka 1964, alizuru Uganda mwaka 1969, na watu wa rika lake wana mengi ya kusema kuhusu siku hizo.

Jirani kuna kituo cha Waanglikana chenye sanamu zinazoonyesha mateso yale waziwazi. Wa miaka 14 aingie na baba yake. Wa miaka 6 mimi nisingemwingiza.

Msikitini mnakaribishwa, ondoa shaka. Msikiti wa Kitaifa wa Uganda, juu ya kilima cha Old Kampala, hupokea wageni wa dini zote nje ya saa za swala. Ijumaa adhuhuri msiende. Mtalipa kiingilio na kupewa mwongozaji, na wanawake hupewa nguo za kujisitiri. Mnara una ngazi zaidi ya 300, kwa hiyo wewe na mama bakini chini ukumbini mtazame vioo vya rangi kwa utulivu. Watakaopanda wataona makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga, kila moja juu ya kilima chake. Bila shaka yote mawili yamo kwenye ile orodha, basi baba watoto atakuwa ameyaona.

Malizieni kwa hekalu la Wabahai (waumini wa dini ya Bahai), Kikaaya, lililofunguliwa mwaka 1961. Lina pande tisa, na bustani pana ambapo watoto watanyoosha miguu. Ndani hakuna sanamu wala picha. Sasa waulize wale wakubwa: kwa nini Namugongo wamewakumbuka watu kwa nguzo, msikitini urembo wote ukawa maandishi na michoro isiyo na sura ya mtu, na hapa ukuta ukaachwa mtupu? Usiwajibie. Wape daftari na penseli badala ya simu, wachore wanachokiona. Anayechora hutazama mara mbili.

Ninyi wakubwa mtavuka Busia kwa vitambulisho. Hati za watoto zishughulikiwe mapema pale Uhamiaji. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi zote uzibebe wewe mwenyewe.