Kabla Hujaigusa Wota Pampu ya Injini Uliyoiongezea Nguvu

Land Rover yangu ni 109, ile ndefu, Series III, na chini ya boneti imekaa V8 ya Rover, injini ya silinda nane ya lita 3.5, badala ya ile ya silinda nne. Mjini Tanga haina neno. Mtihani uko Mombo, unapoanza kupandisha kona za Soni kwenda Lushoto kwa gia ya pili na mzigo nyuma. Hapo ndipo utajua kama maji yanazunguka au yanatazamana tu.

Gereji nyingi ninazoingia pale Ngamiani dawa ya gari linalochemsha ni ileile: "Toa themostati, kaka, huku kwetu joto." Usitoe. Themostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto, inabana njia hiyo kidogo, na kule kubana kunaongeza presha ndani ya bloku, yaani mwili wa injini. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke kwenye hedi, kile kichwa cha juu cha injini, karibu na moto wenyewe, mahali ambapo geji haioni. Yakichemka pale linajitandaza tabaka la mvuke, na mvuke haubebi joto kama maji. Hedi za V8 hii ni za alumini, bloku pia. Zikipinda, huna pa kulalamikia. Wenye Toyota ndio waangalie zaidi, maana nyingi zina themostati yenye kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na maji mengine yanarudi kwenye injini bila hata kuiona rejeta.

Utaambiwa pia kwamba maji yakienda mbio hayapati muda wa kupoa. Maneno ya kijiweni hayo. Maji ni yaleyale. Yakipita haraka, yanapita mara nyingi zaidi.

Wota pampu yenyewe, inayoyasukuma maji hayo, ndiyo ina kikomo. Ukiifunga puli ndogo itazunguka kasi, na kwenye mwendo wa polepole utaona nafuu. Lakini ukikanyaga mafuta, nyuma ya mapanga yake vinazuka vipovu vya mvuke, vinapasuka, vinakula chuma, na maji yanayosukumwa yanapungua. Mimi puli ya kiwandani sijaigusa.

Faida ya kweli iko ndani. Fungua pampu utazame mapanga. Za bei rahisi nyingi ni bati lililokunjwa, na kati ya bati na ukuta wa pampu kuna uwazi mkubwa ambao maji yanarudia humohumo. Uwazi wa karibu milimita moja unatosha, alimradi hakuna kinachogusana. Wamarekani wanaounda magari ya hot rod, yale ya zamani yaliyoongezewa nguvu, hufunga kisahani nyuma ya mapanga hayo ili maji yasikwepe. Mchonga vyuma mzuri atakutengenezea, ila akihakikishe kimekaa sawasawa, la sivyo mtikisiko utaua beringi.

Chini ya shingo ya pampu kuna kitundu. Kikianza kudondosha maji, sili imechoka. Kuna fundi nimemshuhudia akikiziba kwa gundi ya chuma huku akipiga mluzi! Maji yakikosa pa kutokea yanaingia kwenye beringi, na beringi ikifa feni inaweza kwenda kuichana rejeta.

Maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi, alumini haiyawezi. Tumia kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji ya betri, yale safi ya kuongezea, si asidi. Halafu mfuniko wa rejeta: ulioandikwa 0.9, yaani kipimo cha presha unayoizuia, unapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118 ukiwa usawa wa bahari. Juu kule Lushoto maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 95, kwa hiyo mfuniko uliolegea utakuumbua kwenye mlima, si Raskazone.

Kabla ya kutoa hela yoyote, chunguza gari linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu, tafuta upepo: feni, kava lake, uchafu kwenye rejeta. Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, fuata maji. Anza na hospaipu ya chini, ile inayotoa maji kwenye rejeta kwenda kwenye pampu. Mtu akanyage mafuta injini ikiwa ya moto, wewe itazame bila kusogeza mkono kwenye feni. Ikinywea, pampu inavuta lakini njia imejifunga, na hapo unachohitaji ni hospaipu yenye springi ndani, bei ndogo sana ukilinganisha na pampu mpya.