Vitabu vya wanyama baada ya kufiwa na paka: pa kuanzia

Pole sana, ndugu. Umesema paka wako wa miaka 14 alichomwa sindano ya kumpumzisha wiki iliyopita kwa ugonjwa wa figo, unataka vitabu vya wanyama vikusaidie kumkumbuka, na nyumbani kuna mtoto wa miaka 6 anayemuulizia kila siku.

Kabla hujafungua kitabu chochote, chukua daftari umwandike paka wako ukurasa mzima: rangi yake, kovu, sauti aliyotoa akiwa na njaa na ile ya kutaka kufunguliwa mlango, mahali alipojilaza mchana. Hatua hii usiiruke. Mwandishi hodari humchora mnyama wake kwa nguvu, na baada ya kurasa 200 utajikuta ukifumba macho unamwona yule wa kitabuni. Filamu ni mbaya zaidi kwa hili kwa kuwa zinakupa sura kamili. Ziache kwanza.

Wengi hukimbilia riwaya, na ndiko wanakoumia. Ulizia mwisho wake kabla ya kuanza. Kwa mfiwa, huko si kuharibu utamu. Mwaka 1961 zilitoka mbili zinazopendwa hadi leo. Katika The Incredible Journey ya Sheila Burnford, mbwa wawili na paka mmoja wanakatiza nyika na wote watatu wanafika kwao. Katika Where the Red Fern Grows ya Wilson Rawls, mbwa wote wawili wanakufa. Nayo Old Yeller ya Fred Gipson (1956) ina kijana anayelazimika kumpiga risasi mbwa wake kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Wewe uliyekubali sindano juzi tu, hiyo iweke kando kwa miezi kadhaa.

Ushauri wangu ni uanze na vitabu vinavyoeleza tabia za paka. Utasoma kwamba paka anapokusugua kwa shavu anakuachia harufu yake, maana ana tezi pale. Kwamba kule kukukanda mapajani kwa miguu ya mbele ni kitendo cha utotoni, anapokanda ziwa la mama ili maziwa yatoke. Maelezo kama hayo hukurudishia mambo uliyoyazoea mpaka ukaacha kuyaona, na yanayorudi ni ya paka wako mwenyewe. Riwaya haifanyi hivyo kwa urahisi.

Soma dakika 20 kwa siku, penseli mkononi. Kumbukumbu ikija, simama hapo hapo, usingoje sura iishe. Upande wa kushoto wa daftari nakili sentensi iliyokugusa na namba ya ukurasa. Kulia andika alichofanya wako: wapi, saa ngapi, uzito wake ulivyokuwa mguuni. "Alikuwa mpole" haitoshi, kwani hata paka wa jirani ni mpole.

Sura za magonjwa ziruke kwa sasa. Paka huficha maumivu, na dalili za figo huja sehemu kubwa ya figo ikiwa imeshaharibika. Ukizisoma leo utazisoma kama hati ya mashtaka dhidi yako, wakati hukuwa na namna ya kuona mapema.

Ukitaka kuweka manyoya yake kitabuni, yawe makavu kabisa, kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu na kuleta ukungu. Gundi ya utepe huwa ya njano na kung'ang'ania ukurasa. Picha nayo iwekee karatasi nyeupe pande zote mbili isigandane na wino.

Kwa mtoto, tumia neno "amekufa". Ukimwambia "amelala", anaweza kuogopa kulala. The Tenth Good Thing About Barney ya Judith Viorst (1971) inamfaa: mtoto amefiwa na paka, mama yake anamwambia atafute mambo 10 mazuri ya paka huyo, naye anapata 9, la 10 linakuja baadaye. Kisome wewe kwanza peke yako mpaka sauti isikatike, kisha msomee na muandike orodha yenu. Msimlazimishe afikishe 10 kwa siku moja. Akitaja na lile la kukwaruzwa mkono, liandikeni pia. Huyo ndiye paka anayemjua.