Ukianza seba, usianze na kelele za Tan Xue

Nilianza seba nikiwa na miaka 31, hapa Uingereza, kwa sababu ukumbi ulikuwa jirani na kazini na mwezi wa kwanza ulikuwa bure. Kwa asiyeijua: katika vitara vya fencing, mchezo wa kupigana kwa panga, seba ndiyo inayokata kwa makali na kuchoma kwa ncha pia, na unapiga kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa kikiwemo. Pambano la pointi 15 laweza kwisha chai yako haijapoa.

Kocha alinionyesha video za Tan Xue, binti wa Tianjin, China, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2002 akiwa na miaka 18. Mimi nikaona kelele tu. Akipata pointi ananguruma hadi unahisi kofia ya waya itapasuka. Nikaiga. Jumanne moja taa zote mbili, yangu na ya mpinzani, zinazoonyesha nani kagusa, zikawaka, nikanguruma, ngumi juu, nikamgeukia refa. Akampa mwenzangu pointi. Nikaanza kulalamika. Kocha hakunijibu, alizima sauti ya simu yake, akanipa video ileile. "Tazama miguu."

Hapo ndipo nilipouelewa mchezo. Taa zikiwaka pamoja, pointi ni ya aliyeanzisha shambulizi. Ukitaka kumnyang'anya zamu, lazima kwanza ukinge pigo lake, au urudi nyuma kiasi kwamba upanga wake ukate hewa. Kelele haimo katika hesabu hiyo. Basi miezi yako mitatu ya kwanza fanya miguu tu, hasa kurudi nyuma, maana kila mtu anapenda kusonga mbele. Vifaa azima, lile koti la nyuzi za chuma linaweza kungoja mshahara. Na video tazama bila sauti.

La pili, usichague wa kuogopa kwa jina, nililijua kwa kuchapwa. Kabla ya mashindano yangu ya kwanza nilisoma orodha ya majina, nikachagua wa kuwaogopa. Nikatolewa na mtu aliyeingizwa asubuhi ileile kuziba pengo. Nenda Athens 2004, seba ya wanawake ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Tan Xue alifika fainali akafungwa 15–9 na Mariel Zagunis wa Marekani, ambaye alipata tiketi kwa sababu Nigeria iliiacha nafasi yake. (Nafasi ya Afrika ile. Haya, tuyaache.)

Miaka minne baadaye, Beijing, nyumbani kwao, Tan Xue alikuwa kwenye timu pamoja na Bao Yingying, Huang Haiyang na Ni Hong. Fainali: Ukraine 45, China 44. Watu huikumbuka pointi ya mwisho. Lakini timu hucheza mapambano tisa na pointi zinajumlishwa, kwa hiyo ile moja iliyopungua huenda ilidondoka kwenye pambano la pili, watazamaji wakiwa bado wanatafuta viti.

Mimi nikifungwa 15–14 nilikuwa namlaumu refa. Siku hizi nina daftari ndani ya begi, naandika kila pointi ilivyoondoka kabla sijavua viatu. Ukurasa wa Jumamosi iliyopita: nilikurupuka mbele, 9. Nilirudi nyuma nikachelewa, 4. Refa, 2, na moja kati ya hizo mbili nimeshaanza kuitilia shaka.