Kwa mnaoanza kuandika ndege wa Unguja na Pemba

Wataalamu wakiigawa spishi moja kuwa mbili, au wakiunganisha mbili zikawa moja, hesabu ya spishi za kisiwa hupanda au hushuka na ndege wako palepale. Lizoeeni hilo mapema, na daftari lenu liandikwe ili listahimili.

Mfano ni yule mdogo wa kahawia wa kwenye matete. Alijulikana kama Acrocephalus baeticatus, spishi ya Afrika. Siku hizi baadhi ya orodha kubwa za dunia humweka ndani ya Acrocephalus scirpaceus, pamoja na wale wa Ulaya wanaokuja Afrika kukimbia baridi. Ukiandika “scirpaceus” ukaishia hapo, umechanganya mwenyeji na mgeni, na wakija kutenganishwa tena, andiko lako halitamfaa mtu. Andika tarehe, na kama aliimba. Anayeimba kwenye matete wakati wa kipupwe ni mwenyeji. Wa Ulaya miezi hiyo wako kwao wanalea. Akinaswa kwenye wavu, pima bawa: la mwenyeji ni fupi na la mviringo, la msafiri ni refu lenye ncha kali. Ukiwa na hakika, ongeza nususpishi, yaani tawi la spishi. Ya pwani yetu ni suahelicus.

Palipogawanywa, hadhari ni nyingine. Iduna pallida na Iduna opaca, ndege wadogo wanaofanana, walikuwa spishi moja. Opaca hupita majira ya baridi Afrika Magharibi, kwa hiyo rekodi za zamani za Afrika Mashariki kwa kawaida huhamishiwa pallida. Lakini ramani peke yake si ushahidi. Pallida akitafuta wadudu huinamisha mkia chini mara kwa mara. Hilo liandike ukiliona. Hukuliona? Andika “Iduna” tu, wala usione haya.

Msidhani ni mambo ya makaratasi matupu. Bundi mdogo wa Pemba, Otus pembaensis, alielezwa na Pakenham mwaka 1937. Baadaye wapo waliomhesabu kuwa nususpishi ya bundi wa Madagaska. Leo ni spishi kamili, na wageni huja msitu wa Ngezi, Pemba, usiku kwa ajili yake. Waongoza watalii wanajua tofauti hiyo ina thamani gani.

AviList, orodha ya ndege wa dunia iliyotoka 2025, imekusudiwa kuzipatanisha orodha za dunia, nayo itaendelea kurekebishwa. Kwa hiyo juu ya orodha yenu andikeni mmefuata ipi na ya mwaka gani, na jina la zamani msilifute: liacheni kando ya jipya.