Rais Aambiwe Nini Ili Aurudishe Mswada wa Elimu Bungeni?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja. Bunge la Kenya likipitisha mswada wa elimu wenye kasoro, mwananchi afanye nini kabla Rais hajautia saini? Tumezijibu zile zilizouliza mambo ya kiutendaji.

Chama chetu cha wazazi kimeandika waraka unaosema: "Mheshimiwa Rais, tafadhali kataa mswada huu kwa sababu unawaumiza wazazi." Tumekusanya sahihi kurasa tano. Je, waraka huo unatosha?
*Mwenyekiti wa chama cha wazazi, Kitui*

Ndugu Mwenyekiti, sahihi ni nzuri, lakini waraka wenyewe hauna kitu cha kufanyiwa kazi. Ibara ya 115 ya Katiba inampa Rais njia mbili tu: atie saini, au aurudishe mswada Bungeni pamoja na hoja za kutoridhika kwake. Hoja hizo huandikwa kifungu kwa kifungu, na wanaoziandaa ni mawakili wa serikali walio mbioni. Barua inayowapa namba ya kifungu, Ibara ya Katiba inayokiukwa na maneno ya kuweka badala yake, imewafanyia nusu ya kazi. Ile inayolalamika kwa jumla huwekwa kwenye faili.

Tutoe mfano. Tuseme kifungu cha 27(2) cha mswada kinasema: "Waziri anaweza kutunga kanuni kuhusu ada nyingine yoyote itakayotozwa na shule ya umma." Kwa haraka kinaonekana cha kawaida. Sasa kilinganishe na kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Sheria hiyo inakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Ada nyingine inaziruhusu kwa idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, ila inaweka kinga mbili: mtoto asikatazwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kulipa, na asiwepo anayekusanya pesa bila kutoa risiti rasmi. Mswada wa mfano wetu umeziondoa kinga zote mbili, na bodi ya kaunti pia imetupwa nje. Kwa hiyo andikeni hivi:

"Kifungu cha 27(2). Kinakiuka Ibara ya 53(1)(b), inayompa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Ibara ya 94(6), inayotaka sheria inayokasimu mamlaka ya kutunga kanuni itaje madhumuni na mipaka ya mamlaka hayo. Tunaomba kisomeke: 'Waziri, baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, anaweza kutunga kanuni kuhusu ada zisizo za masomo, mradi kanuni hizo zitaje aina ya ada na kiwango chake cha juu, kila malipo yatolewe risiti rasmi, na mtoto yeyote asinyimwe masomo kwa kukosa kulipa.'"

Hoja tatu au nne za namna hiyo, kurasa mbili, basi. Mkiandika hoja ishirini, ile nzito itazama kati ya zile nyepesi. Sahihi ziwe kiambatisho, na kila ukurasa wa sahihi urudie juu jina la mswada na ombi lenyewe. Ukurasa wenye majina matupu ni rahisi kudaiwa kwamba ulitiwa sahihi kwa shughuli nyingine kabisa, ya harambee au ya mazishi.

Zile siku 14 za Rais huanza kuhesabiwa lini? Wengine wanasema siku wabunge walipopiga kura.
*Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, siku hizo 14, ambazo Rais amepewa atie saini au aurudishe mswada, huanza siku anapoupokea. Baada ya kusomwa mara ya tatu, mswada husafishwa, mabadiliko yote yakaingizwa mahali pake, ukachapishwa upya, ndipo Spika akaupeleka. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku chache au zaidi, na mwananchi wa kawaida hapigiwi simu kuambiwa umefika. Andikeni jioni ile ile kura ilipopigwa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Rais akinyamaza, hajakataa. Ibara ya 115(6) inasema siku zikipita bila saini na bila kurudishwa, mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa. Kwa hiyo msiombe "Rais asitie saini." Ombeni "Rais aurudishe Bungeni." Asiyetia saini wala kuurudisha amewapa sheria ile ile mnayoipinga.

Hatari nyingine ni kupinga maandishi ya zamani. Nakala inayozunguka kwenye simu kwa kawaida ni ile ya kwanza, iliyochapishwa kabla mswada haujasomwa mara ya kwanza. Kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wanapokaa kama kamati kuupitia mswada kifungu kwa kifungu, vifungu hufutwa, huongezwa na namba zikasogea. Barua ikililia kifungu cha 41 kilichofutwa wiki mbili zilizopita, mwandishi wake haaminiki tena hata kwa hoja zilizo sahihi. Chukueni kumbukumbu rasmi za mjadala, yaani Hansard, za siku ya kamati hiyo, mweke kila badiliko juu ya nakala yenu kwa mkono, kisha mtaje kwenye barua: "mswada kama ulivyopitishwa tarehe fulani." Kama mabunge mawili, Bunge la Kitaifa na Seneti, yalitofautiana na kamati ya upatanisho ikaundwa chini ya Ibara ya 113, maandishi ya kufuata ni yale yaliyotoka kwenye upatanisho. Msitegemee kuomba nakala kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kwa kuwa muda wa kujibu ni siku 21, na Rais ana 14.

Hata Rais akiurudisha, wabunge si watampuuza na kuupitisha tena?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Eldoret*

Wanaweza, ila hesabu yake ni ngumu. Kuupitisha tena bila kukubali hoja za Rais, au kwa kuzikubali nusu nusu, kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika, kwa hiyo ni kura 233. Mswada ukiwa wa aina inayohitaji idhini ya Seneti, zinatakiwa pia thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti 47, yaani kaunti 32. Wakifika hapo, Rais ana siku 7. Asipotia saini, mswada unakuwa sheria vivyo hivyo. Lakini ni nani anayewapata wabunge 233 ukumbini kwa wakati mmoja? Wabunge wasiokuja siku hiyo ni kama wamempigia Rais kura.

Makali hayo hukata pande zote mbili. Mwaka 2018 wabunge waliahirisha kwa miaka miwili ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye mafuta. Rais Uhuru Kenyatta aliurudisha Mswada wa Fedha akipendekeza asilimia 8. Waliopinga hawakufikisha thuluthi mbili, na asilimia 8 ikapita. Kumbe hoja za Rais zinaweza kuleta maandishi mapya ambayo wananchi hawakuyaomba, na kuyaondoa ni vigumu kuliko kuyaweka. Ndiyo maana tunasisitiza mpeleke maneno yenu mbadala: msipoyapeleka, mtu mwingine atayaandika.

Kuukataa mswada mzima kumewahi kutokea. Juni 26, 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais William Ruto alikataa kuutia saini Mswada wa Fedha na akapendekeza vifungu vyote vifutwe. Lakini haikuwa hali ya kawaida, na maisha ya watu yalipotea. Kwa mswada wa elimu, njia ya vifungu vichache ndiyo yenye matumaini zaidi.

Tuna malalamiko mengi. Yapi yana uzito mbele ya Ikulu?
*Katibu wa tawi la chama cha walimu, Kisii*

Ndugu Katibu, yale yanayoweza kuiangusha sheria mahakamani. Hakuna mshauri wa Rais anayetaka sheria iliyotiwa saini kwa kamera na mbwembwe ibatilishwe na jaji mwaka unaofuata.

Anza na madaraka juu ya walimu. Ibara ya 237 inaipa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, kazi ya kusajili walimu waliohitimu, kuwaajiri, kuwapangia shule, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha na kuwaadhibu. Ibara ya 249 inasema tume kama hiyo haipokei amri ya mtu wala mamlaka yoyote. Mswada ukimpa Waziri, gavana au bodi ya shule uwezo wa kuhamisha mwalimu, hata ukiuita "kupendekeza uhamisho unaopaswa kutekelezwa", umegonga Katiba. Soma vitenzi kwa makini: "atashauriwa" na "atatekeleza" ni mbingu na ardhi.

Halafu kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaziachia kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto, huku mtaala, mitihani, shule za msingi na sekondari zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Mswada unaogusa walimu wa chekechea unagusa kaunti, na Ibara ya 110(3) inawataka maspika wawili waamue pamoja suala hilo kabla Bunge lolote halijaanza kuujadili. Uliza ilipo barua ya uamuzi huo. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilitangaza sheria 23 kuwa batili kwa kuipita Seneti kando, ingawa Mahakama ya Rufani baadaye ilibadilisha sehemu ya uamuzi huo.

Ushirikishwaji wa umma, Ibara ya 118, hutajwa na kila mtu na kuthibitishwa na wachache. Kusema "hatukuulizwa" hakutoshi. Weka tarehe ya tangazo gazetini, siku zilizotolewa za kupeleka maoni, mahali vikao vilipofanyika, na nakala ya maoni yenu yenye muhuri wa kupokelewa. Jambo zito zaidi ni hili: kama kifungu kibaya kiliingizwa kwenye Kamati ya Bunge Zima, baada ya maoni kufungwa, basi kifungu hicho hakikuonwa na umma hata siku moja. Hoja hiyo iandikwe peke yake.

Kuhusu pesa, lete hesabu. Serikali imekuwa ikitangaza mgao wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, 15,042 kwa wa sekondari msingi na 1,420 kwa wa shule ya msingi. Sekondari ya wanafunzi 600 inastahili 13,346,400. Mswada ukiibebesha shule hiyo mzigo mpya, iwe ni chakula cha mchana, mlinzi wa usiku au vifaa vya maabara, piga gharama yake kwa mwaka uonyeshe ni sehemu gani ya mgao huo itakayoliwa. Kisha angalia mswada uliletwa na nani. Ukigusa fedha za umma kwa namna iliyotajwa kwenye Ibara ya 114, haupaswi kuendelea bila mapendekezo ya kamati husika ya Bunge iliyozingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Miswada ya mbunge binafsi huteleza hapo mara nyingi.

Malalamiko ya kwamba mtaala haufai yana nafasi yake, lakini si kwenye barua hii.

Tunataka kuipeleka barua kwa maandamano hadi Ikulu. Turuhusiwe na nani?
*Mzazi, Nakuru*

Ibara ya 37 inawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Hamwombi ruhusa, mnatoa taarifa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Siku 3 katika 14 ni nyingi, kwa hiyo barua itangulie na watu wawili, maandamano yafuate. Nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu, Waziri wa Elimu na maspika wote wawili, na kila nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wenye tarehe. Msiuchanganye waraka huu na malalamiko ya Ibara ya 119: yale ni ya Bunge, hupelekwa kwa kamati, na hayatajibiwa kwa wakati.

Na huku Tanzania?
*Msomaji, Arusha*

Ibara ya 97 ya Katiba ya 1977. Rais akikataa muswada huurudisha pamoja na sababu. Haupelekwi tena kwake kabla ya miezi 6, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukipelekwa hivyo, ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge. Namna ya kuandika hoja ni ile ile.

Na kama Rais ameshatia saini?
*Mwanachama wa bodi ya shule, Kilifi*

Kuna nafasi fupi. Ibara ya 116 inataka sheria ichapishwe katika Gazeti Rasmi ndani ya siku 7, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje siku nyingine. Angalia kifungu cha 1 kwanza, maana wakati mwingine huachia Waziri aitangaze tarehe hiyo. Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamue kama sheria inapingana na Katiba, na mtu yeyote anaweza kufungua kesi kwa niaba ya umma. Kesi ya haki za msingi, elimu ikiwemo, haitozwi ada ya kuifungua kwa mujibu wa Ibara ya 22(3). Ambatisheni barua mliyompelekea Rais ikiwa na muhuri wake, kwa sababu inaonyesha serikali ilionywa mapema. Ombeni agizo la muda la kusimamisha vifungu vile vichache tu mnavyovipinga. Jaji husita sana kusimamisha sheria nzima ambayo ndani yake kuna mishahara, mitihani na migao ya shule, na hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho wakili wa serikali atamkumbusha.